Makabidhiano ya Lindo la Nyumbani

Ndugu askari, wewe uliye kambini na wewe uliye katika kituo cha polisi, hapana mmoja wetu asiyejua namna lindo linavyokabidhiwa. Anayetoka husimama pamoja na anayeingia. Hutazama silaha, funguo, taa na idadi ya mahabusu. Kisha anayeingia husoma kitabu cha matukio, na akiisha kuridhika hutia sahihi yake. Tangu hapo lolote litakalotukia li juu yake. Kurutu wa juma la pili analijua jambo hilo.

Lakini liko lindo moja ambalo wengi wetu hulipokea pasipo kusoma hata mstari mmoja, nalo ni lindo la nyumbani kwetu wenyewe. Leo tunataka kuzungumza juu ya lindo hilo, na haitakuwa haki kuwasema wenzetu kabla hatujakiri kosa letu sisi.

Kambi ni mji wa jamaa

Wako watu wasemao kwamba jeshi na jamaa ni vitu viwili visivyopatana. Historia ya Uganda haisemi hivyo. Mwaka 1891, Kapteni Lugard alipowachukua askari wa Kisudani waliobaki Kavalli, karibu na Ziwa Albert, baada ya Emin Pasha kuondoka, hakuchukua wenye bunduki peke yao. Pamoja nao walitoka wake, watoto na watumishi, nao walikuwa wengi mno kuliko askari. Jeshi lililokuja kuingizwa katika King's African Rifles mwaka 1902 lilianza safari yake likiwa na vyungu kichwani na watoto mgongoni. Wajukuu wa watu hao, Wanubi, wako Bombo hata leo.

Maneno yetu ya kila siku nayo yanashuhudia. Posho, ambayo asili yake ni chakula anachopimiwa askari, katika Uganda imekuwa jina la sima ya mahindi inayoliwa na kila mtu. Na vile vibanda vya mabati vya mviringo, ambamo askari na polisi wengi wamelea watoto wao, watu waliviita "mama ingia pole", kwa kuwa mlango wake ni mfupi na aingiaye hana budi kuinama.

Ndani ya kibanda cha namna hiyo, au ndani ya kota ya vyumba viwili, kuna kazi isiyojua mapumziko. Kabla tarumbeta la alfajiri halijalia, mama amekwisha kuwasha sigiri na uji unatokota. Huyu anatafuta kiatu cha kushoto, yule anadai sare yake haijakauka, na mwingine anakumbuka wakati huo huo kwamba mwalimu aliagiza ufagio na karatasi za chooni. Jerikeni za maji zinangoja foleni bombani. Jumamosi ni siku ya kufua, na jioni yake ni siku ya kunyoa vichwa vya shule, wavulana kwa wasichana. Nyumba yenye watoto watatu na ndugu wawili ina shughuli kama za kombania nzima, ila haina kwatamasta wala karani.

Mambo madogo hayangoji likizo

Katikati ya shughuli hizo hutukia mambo madogo ambayo ndiyo hatua za maisha ya mtoto. Jino la kwanza, kwa kawaida la mbele chini, hutokeza yapata mwezi wa sita. Kufikia mwaka wa tatu huwa na meno ya utoto 20, na akikaribia miaka 6 yanaanza kung'oka. Wengi hupiga hatua ya kwanza wakiwa na umri wa mwaka mmoja, wengine mapema, wengine baadaye. Iko siku ya chanjo za wiki 6, wiki 10 na wiki 14, na ya surua katika mwezi wa 9. Iko siku ya neno la kwanza, na siku ya kwanza ya shule. Iko pia siku msichana anaposonga posho peke yake na isiwe na madonge.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linalongoja askari apate ruhusa. Wala lisidhaniwe kuwa ni shida ya walio mbali peke yao. Polisi wa doria ya usiku hulala mita chache tu kutoka kwa watoto wake, lakini akirudi asubuhi wamekwenda shule, na wakirudi amekwisha kwenda zamu. Aweza kukaa mji mmoja nao mwaka mzima asijue kwamba mmoja wao amejifunza kusoma.

Mtu atasema kwamba siku hizi kuna simu ya mkononi. Ni kweli, na tunaishukuru. Lakini tazama tunazungumza nini katika simu hiyo: karo, homa, kodi, msiba. Salio ni dogo, mtandao unakatika, na foleni ya wenzetu inangoja. Makubwa hupita katika waya, madogo hubaki nyumbani.

Daftari chini ya bereti

Mwezi wa Agosti 2018 sisi tuliondoka kwenda Somalia, tukifuata nyayo za wenzetu waliotia mguu Mogadishu mwezi wa Machi 2007. Katika kota ya vyumba viwili tuliacha watu sita: mama watoto, mama yetu mzazi ambaye miguu inamsumbua, mpwa wetu aliyekuwa sekondari, binti wa miaka 8, mvulana wa miaka 5, na kitinda mimba wa kiume wa miezi 5, ambaye hata kukaa bila kuegemezwa alikuwa hajaweza.

Tulirudi Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2019. Kitinda mimba sasa alikuwa anakimbia. Alipotuona alikimbilia nyuma ya gauni la mama yake, akabaki huko akituchungulia kama anayetazama mtu asiye na kitambulisho langoni.

Usiku ule, baada ya wageni kutawanyika, mama watoto alitupa daftari la shule la kurasa 96, lenye gamba lililochakaa. "Baba watoto, haya ndiyo makabidhiano," akasema. "Soma." Tukacheka. Tukalisifu. Tukaliweka juu ya rafu chini ya bereti yetu, tukaahidi kulisoma kesho. Kesho yake tuliamkia majirani, tukala nyama, tukalala mchana kutwa.

Siku ya tatu, Jumamosi, tukaanza ukaguzi. Tuliona vitanda vimepangwa ovyo, tukavipanga upya. Tuliona watoto hawana ratiba, tukaandika ratiba na kuibandika ukutani: kuamka saa kumi na moja, maji saa kumi na moja na nusu, na kuendelea. Mvulana aliyekuwa akitusimulia habari za mwalimu wake alinyamaza asimalize. Mama yetu, aliyekuwa ameketi juu ya mkeka akichambua maharage, alisema neno moja tu: "Mwanangu, hapa palikuwa na mkubwa kabla hujaja." Hatukumjibu.

Mama watoto alikuwa amekwenda sokoni. Sisi, tulioumizwa moyo na mtoto aliyekuwa bado anatukimbia, tulikuwa tumenunua mkate na kopo la karanga zilizosagwa. Tukapaka kipande, tukachuchumaa, tukamnyoshea mkono. Alisimama mbali, akatazama mkate, akatutazama. Kisha akaja, hatua moja moja, akapokea kutoka mkononi mwetu, akala. Ilikuwa mara ya kwanza kutukaribia kwa hiari yake mwenyewe, na furaha yetu haikuwa na kifani.

Haikupita muda mrefu midomo ikaanza kuvimba. Yakafuata macho. Kisha tukasikia pumzi yake ikipiga filimbi kifuani. Binti yetu aliingia na jerikeni ya maji, akaona lile kopo, akaitupa jerikeni chini. "Baba, huyu hali karanga!" akapiga kelele. "Mama ameandika! Imeandikwa!"

Tulikimbia hata zahanati ya kambi tukiwa na viatu vya plastiki miguuni na mtoto kifuani. Muuguzi wa zamu, koplo, hakuuliza maswali mengi. Alichoma sindano, akamlaza mtoto, akakaa naye. Pole pole ile filimbi ikapungua. Mama watoto alipofika, kanga imemdondoka begani, alimshika mtoto kwanza, akamsikiliza anavyopumua. Kisha akatugeukia akauliza neno moja: "Ulisoma?"

Tulikwisha kuongoza watu katika vita, na hakuna swali la mkubwa yeyote lililopata kutulemea kama lile, mbele ya yule koplo. Tukajibu kwamba hatukusoma.

Yaliyoandikwa

Usiku huo mtoto alilazwa chini ya uangalizi. Tulirudi nyumbani kuwatazama wengine, tukalitoa daftari chini ya bereti, tukasoma mpaka mwisho. Mama watoto hakuandika kwa madaha. Tarehe, jambo, basi.

Septemba 2018: jino la kwanza, halala usiku. Desemba: chanjo ya surua, mimi nina malaria, mama wa mapacha wa kota ya tatu ndiye aliyempeleka. Januari 2019: ameonja mchuzi wa karanga kidogo, midomo imevimba, daktari amesema asipewe tena, kila mtu nyumbani ameambiwa. Februari: kaka yake ameanza darasa la kwanza, hakulia, mimi nililia. Aprili: hatua nne, kutoka kwa bibi hadi mlangoni. Juni: kaka ameng'oka jino, amelirusha juu ya mabati, anataka baba aambiwe. Julai: binti amesonga posho peke yake, mpwa amekula sahani mbili.

Yule mwandishi alimaanisha kwamba "kila mtu nyumbani ameambiwa", na ni sisi tu ambao hatukuwa tumeambiwa, kwa kuwa tulikataa kusoma. Tuligundua pia kwamba kwa siku mbili tulikuwa tumepita mbele ya mlango wa mama wa mapacha tukimsalimu kwa kupunga mkono, na tusimshukuru. Na kuhusu lile jino juu ya mabati, yule mvulana alikuwa amengoja miezi mitatu tumwulize, nasi tukampa ratiba.

Jumapili asubuhi tuliibandua ile karatasi ukutani. Tukamwomba mama watoto atukabidhi nyumba kwa utaratibu, naye akatukabidhi: deni la dukani, ufunguo wa kabati, dawa ya bibi na saa zake, mwalimu anayefaa kuonwa, jirani anayestahili shukrani. Vitanda vilirudi mahali pake. Kumbe vilikuwa vimepangwa vile kwa sababu paa huvuja upande wa dirisha.

La kufanya

Hatuandiki haya ili kumwaibisha askari yeyote. Tunaandika kwa sababu tunajua kuwa wako wengi ambao bereti zao zimefunika daftari kama lile, au ambao nyumbani kwao halikuandikwa kabisa. Basi tunatoa shauri kwa mambo machache.

Kwanza, kabla ya kuondoka nunua daftari, uandike ukurasa wa kwanza kwa mkono wako: kimo cha kila mtoto, anachokipenda na anachokiogopa. Ukiacha nyumba bila kitabu usishangae ukikosa cha kusoma.

Pili, ukipiga simu, baada ya karo na homa uliza dogo moja. Uliza nani ameng'oka jino. Uliza leo mmecheka nini. Swali hilo halizidi dakika moja.

Tatu, ukirudi usitoe amri kwa juma moja. Wewe ni ofisa anayepokea eneo. Mwenzako amelishika mwaka mzima na anajua paa linavuja wapi. Soma kwanza, uliza, ndipo utie sahihi.

Nne, yahusuyo afya yasingoje kesho. Mtoto akivimba midomo na kupumua kwa shida baada ya kula, usitafute dawa ya jirani, kimbia hospitali. Na jambo analokatazwa mtoto lijulikane na kila amlishaye, hata mgeni.

Tano, ndugu polisi wa zamu za usiku, daftari hilo ni lenu pia. Liacheni mezani. Mama aandike jioni, nanyi mjibu alfajiri mkirudi. Mtoto ajuaye kusoma atakuta jina lake na maneno ya baba yake kabla ya kwenda shule.

Kitinda mimba alipona. Hakutukaribia tena upesi, wala hatukumlazimisha. Tuliketi mkekani karibu na bibi yake, tukachambua maharage, tukangoja. Katika daftari lile, chini ya mwandiko wa mama watoto, mna mstari wa kwanza tulioandika sisi. Unasema: Oktoba 6, 2019, Jumapili, amekuja mwenyewe, amelala mapajani pa baba, saa nzima, hakula kitu.