Uyoga, Sonona na Dhamiri ya Mkristo



Mvua zinaponyesha, akina mama wa Newala na Masasi huingia porini kuchuma uyoga wa mboga. Siku hizi baadhi ya waamini huuliza habari za uyoga mwingine, unaosifiwa katika simu kuwa huponya sonona.

Uyoga huo una kemikali ya silosibini, ambayo kwa saa kadhaa hubadilisha namna mtu anavyoona, kuhisi na kufikiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliiweka chini ya udhibiti mkali. Hata hivyo, katika majaribio ya kitabibu baadhi ya wagonjwa wa sonona sugu wamepata nafuu, na tangu Julai 2023 Australia imewaruhusu madaktari wa akili wenye kibali kuitumia. Huko mgonjwa huchunguzwa kwanza, hupewa kiasi kilichopimwa, wala haachwi peke yake.

Katekisimu, namba 2291, yafundisha kuwa kutumia dawa za kulevya ni kosa kubwa, isipokuwa kwa sababu za tiba tu. Basi Kanisa halipingi utafiti wa tabibu. Lakini anayejichumia porini hajitibu, bali anahatarisha akili yake, na akikosea uyoga, hata uhai wake.

Ndugu mpendwa, sonona ni ugonjwa, si upungufu wa imani. Usiufiche. Mwone daktari, Ligula au Ndanda. Mweleze padre wako. Nasi wanajumuiya tusimwache mgonjwa alie peke yake. Yoshua bin Sira, sura ya 38, atukumbusha kuwa tabibu na dawa vyote vyatoka kwa Mungu.