Mikono Isiyoonekana: Ufumaji wa Vitambaa na Wafumaji katika Tamthilia

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Bahati hadi Jericho na Buruburu, kitambaa cha kufuma ni sehemu ya sura ya sebule. Hutandazwa juu ya migongo ya makochi, mezani na hata juu ya runinga. Mwelekezi wa mchezo anayetaka hadhira itambue mara moja kuwa iko katika nyumba ya mtaa huo huhitaji tu kutandika kitambaa cheupe kitini. Hata hivyo, swali linalozuka ni hili: iwapo kitambaa chaonekana jukwaani, aliyekifuma yuko wapi? Makala haya yanafafanua jinsi tamthilia inavyomsawiri mfumaji, na sababu za kumweka pembeni.

Ni muhimu kwanza kubainisha kazi yenyewe. Lesi ya mkono ya Ulaya ilifumwa kwa nyuzi nyingi zilizozungushiwa vijiti au vifupa, juu ya mto uliochomekwa pini. Kitambaa cha Eastlands, kwa upande wake, hufumwa kwa uzi mmoja na sindano ya krosheti yenye ncha ya kulabu. Tofauti hizo zisitufiche jambo moja: kazi zote mbili huumba pambo kwa kupanga matundu, na zote hudai saa nyingi za kuinama.

Katika tamthilia za William Shakespeare, mafundi wa uzi hutajwa zaidi ya wanavyoonekana. Katika Twelfth Night, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 17, Mtawala Orsino anaeleza kuwa wimbo anaoupenda huimbwa na wanawake wanaosokota na kufuma, wakiwemo wasichana wa lesi. Wimbo wao unafika ikuluni, lakini wao wenyewe hawafiki. Othello inapiga hatua zaidi. Leso ya Desdemona, ambayo imetariziwa wala si lesi, ndiyo inayogeuzwa kuwa ushahidi wa uongo. Cassio anamtaka Bianca ainakili nakshi yake. Bianca, akishuku kuwa leso ni ya mwanamke mwingine, anakataa. Kwa kitambo kifupi, mkono unaotarajiwa kufanya kazi unapata sauti yake, na sauti hiyo ni ya kukataa.

Mtunzi Mhispania Federico García Lorca anaileta kazi ya sindano mbele ya macho ya hadhira. Katika tamthilia yake kuhusu nyumba ya Bernarda Alba, aliyoikamilisha mwaka 1936 na ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1945, mama anawafungia mabinti zake ndani kwa matanga ya miaka 8 na kuwaamuru washone na kutarizi nguo za arusi. Hapa sindano si pambo. Ni kifungo, kwa kuwa mabinti hao wanaandaa maisha ambayo wengi wao wamenyimwa.

Nchini Kenya, mashine ya kazi na mali ya nyumbani imepata uzito wa kisiasa jukwaani. Katika Ngaahika Ndeenda, iliyoonyeshwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, hati ya shamba iliyo katika nyumba ya Kĩgũũnda ndiyo inayobeba hatima ya familia. Katika Kigogo ya Pauline Kea, tunawakuta Sudi, Boza na Kombe wakichonga vinyago katika Soko la Chapakazi. Sudi anakataa kumchongea mtawala kinyago anachokitaka. Msomaji anaelewa papo hapo kuwa anayemiliki ustadi wa mikono ana uwezo wa kusema la.

Kwa nini basi mchongaji apate jukwaa, na mfumaji asalie kivuli? Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Patasi hulia na kinyago huonekana hata na aliyeketi nyuma kabisa, ilhali krosheti ni kazi ndogo, ya kimya na ya polepole. Sababu ya pili ni ya kijamii. Mchongaji hufanyia kazi sokoni, mahali pa umma. Mfumaji hufanyia kazi nyumbani, baina ya kupika na kulea, hivyo kazi yake huitwa kupitisha wakati. Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kitambaa chema kinapojiuza, bei yake aghalabu hutaja uzi na kusahau saa.

Hata hivyo, ukimya huo waweza kuwa hazina kwa mtunzi. Mfumaji huweza kusema bila kumtazama anayesemezana naye. Akisita, sindano nayo husita, na hadhira hung'amua kuwa neno limemchoma. Zaidi ya hayo, kazi ya krosheti ambayo haijafungwa huweza kufumuka yote kwa kuvutwa uzi mmoja. Mwanamke anayefumua kitambaa alichoagizwa, mbele ya mteja anayepunja malipo, ni tendo la kidrama linaloonekana hadi kiti cha mwisho.

Kwa hivyo, mwanafunzi anayehakiki tamthilia asiishie kwenye mazungumzo ya wahusika. Ayasome maelekezo ya jukwaa na kuuliza ni nani aliyetengeneza kila kilichotandikwa. Kitambaa kikiwa jukwaani bila mfumaji, mtunzi amekwisha kuamua kazi ya nani yastahili kuonekana, na uamuzi huo wafaa kuhakikiwa kama uamuzi mwingine wowote wa kisanaa.