Je, Wajua? Kwa Nini Kompresa ya Fundi Huchemka

Katika kata ya Nambambo wilayani Nachingwea, na kuendelea hadi Ruangwa, kompresa ndogo ndiyo tegemeo la mabanda mengi ya ufundi. Hujaza upepo kwenye tairi za bodaboda, hupuliza uchafu kwenye kabureta na hupaka rangi mageti. Ikichemka na kujizima katikati ya kazi, wengi hulaumu mota au hufungua kichwa papo hapo. Lakini joto lenyewe si ugonjwa. Ugonjwa ni joto kukosa pa kutokea.

Je, wajua kwamba hewa ikibanwa hupata moto hata kama hakuna chuma kinachosuguana?
Ndiyo maana pampu ya baiskeli huunguza kidole ukiisukuma kwa nguvu. Rudolf Diesel alitumia jambo hilo katika injini yake iliyofanikiwa mwaka 1897: hewa hubanwa mpaka mafuta yanajiwasha bila plagi, na injini za dizeli zinazoendesha mashine za kusaga zinafanya hivyo mpaka leo. Kwa hesabu ya fizikia, hewa yenye nyuzi joto 25 ikibanwa kwa mkupuo mmoja hadi bar 8 za geji bila kupozwa ingefika nyuzi 285 hivi.

Je, wajua kwamba joto la ziada la banda hukaribia kuongezeka maradufu ndani ya kichwa?
Kwa hesabu hiyohiyo, hewa ikiingia na nyuzi 38 ingetoka na nyuzi 310. Nyuzi 13 za ziada kwenye chujio zimekuwa 25 kwenye kichwa. Kompresa iliyobanwa kwenye kona, chini ya bati la mchana, inavuta tena hewa iliyoichemsha yenyewe. Isogeze mbali na ukuta, iwe kivulini na pepo za nje ziifikie, kabla hujanunua kipuri chochote.

Je, wajua kwamba silinda mbili si lazima ziwe hatua mbili?
Zikilingana ukubwa, kila moja hubana hewa kwa mkupuo mmoja. Ikiwa moja ni nene na nyingine nyembamba, na kati yao kuna bomba lenye mapezi, hiyo ni ya hatua mbili: hewa hubanwa nusu, hupozwa ndani ya bomba, kisha humaliziwa. Hapo kila hatua, kwa nyuzi 25 za kuanzia, ingeishia nyuzi 135 hivi. Bomba hilo likifunikwa na vumbi, faida yote inapotea.

Je, wajua kwamba gurudumu la mkanda ni feni?
Litazame likiwa limesimama: mikono yake imepindwa kama mapanga, ili lipulizie silinda. Kwenye mota ya fezi tatu, nyaya mbili zikibadilishana nafasi gurudumu huzunguka kinyume. Tangi litajaa kama kawaida, ila upepo wa kupoza utakwenda upande usiotakiwa. Fuata mshale uliochorwa kwenye kinga ya mkanda. Mapezi ya silinda nayo yanataka brashi kavu mara kwa mara, hasa miezi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho, maana unga huo na vumbi jekundu hushika kwenye chuma chenye oili kama blanketi.

Je, wajua kwamba Nachingwea ina historia ndefu ya mashine kushindwa?
Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioifikia pia Nachingwea, ulianza 1947 na kufutwa 1951; ulileta matrekta mengi Tanganyika, mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kampuni ya Vickers. Mengi yaliharibika mapema, huku karakana zikizidiwa na vipuri vikikosekana. Aliye mbali na duka la vipuri hana budi kuijua mashine yake vizuri kuliko wa mjini.

Je, wajua kwamba msimu wa korosho huipiga kompresa mara mbili?
Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, ndipo joto linapokuwa kali, na ndipo malori yanapofuata mzigo wa minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Tairi la lori huweza kutaka zaidi ya psi 100, na kompresa nyingi ndogo hujizima kwenye psi 115 hivi. Kwa hiyo hunguruma bila kupumzika, tena kwenye presha ya juu kabisa. Nyingi kati ya hizo zimeundwa kufanya kazi nusu ya muda tu: dakika tano kazi, dakika tano kupoa.

Je, wajua kwamba waya mrefu unaweza kuiunguza mota?
Umeme ukishuka chini ya volti 230, mota yenye mzigo huvuta ampea zaidi. Ampea zikipanda kwa asilimia 20, joto kwenye koili hupanda kwa asilimia 44. Ekstensheni nyembamba na ndefu huleta balaa hilohilo. Ni heri kurefusha paipu ya upepo kuliko waya.

Je, wajua kwamba kiganja kinaweza kupima valvu?
Kiweke mbele ya chujio mashine ikinguruma. Ukihisi upepo unarudishwa nje, valvu ya kuvutia haifungi. Valvu ya kutolea ikivuja, hewa ya moto hurudi kwenye silinda na kubanwa upya, na kichwa huchemka ilhali geji haipandi. Mara nyingi chanzo ni masizi ya oili. Tumia oili ya kompresa, ambayo kwa kawaida huandikwa 100 kwenye dumu, si ya injini ya gari.

Je, wajua kwamba hatari kubwa iko kwenye tangi?
Upepo ukipoa huacha maji chini, na maji hula chuma kwa ndani. Fungua koki ya chini ya tangi kila jioni. Usizibe valvu ya usalama, wala usichomelee tangi lililotoboka: liondoe kazini. Vyombo vya presha hukaguliwa na wakala wa serikali, OSHA, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Je, wajua kipimo cha bure kuliko vyote?
Mashine ikiwa nzima, hesabu dakika inazotumia kulijaza tangi tupu, kisha ziandike kwa rangi ubavuni mwa tangi. Siku dakika hizo zikiongezeka, upepo unavuja au valvu imechoka. Paka povu la sabuni kwenye viungio kwanza, kwa sababu tundu dogo linaloinyima kompresa mapumziko huichemsha sawa na lori zima.