Kipandio Huoza Kuanzia Chini

Mnunuzi wa pikapu akitaka kujua kama kipandio cha pembeni, ile ngazi ndefu iliyofungwa chini ya milango, kitadumu, hukigonga kwa kiatu, akatazama unene wa chuma na mng'ao wa rangi, akaridhika. Kwa gari la kwenda Gasorwe, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga hadi 2025, kaskazini mashariki mwa Burundi, kipimo hicho hakitoshi. Mvua huanza Septemba na, baada ya kupungua kidogo mwanzoni mwa mwaka, huendelea hadi Mei. Njia za vilimani ni za udongo mwekundu na changarawe. Wala magari hayangoji kiangazi: kahawa huanza kuiva masika yangalipo, na kambi ya wakimbizi wa Kikongo iliyofunguliwa hapo mwaka 2002 haiwezi kungoja chakula na dawa mpaka njia ikauke.

Kinachokiua kipandio ni tope lililojificha. Changarawe zinazorushwa na tairi la mbele humenya rangi upande wa chini, nao udongo hujibana kati ya kishikizo kinachokibeba na chesisi, ukabaki na unyevu siku kadhaa baada ya mvua kukatika. Chuma, maji na hewa vikikutana hapo, kutu hufanya kazi yake bila kuonekana. Kisha abiria anasimama ukingoni, mbali na boliti, gari linatumbukia shimoni, na mzigo wote unaishia kwenye viungo vile vile vilivyokwisha kuliwa. Ubao wa kukanyagia wenyewe huwa bado mzima.

Wapo watakaosema dawa ni alumini, kwa kuwa haishiki kutu. Ni kweli nusu. Alumini hujivika utando mwembamba unaoikinga, lakini mara nyingi vishikizo na boliti zake ni za chuma, na metali hizo mbili zikigusana ndani ya tope bichi, alumini ndiyo huliwa. Pasipo mpira au plastiki ya kuzitenganisha, fedha ya ziada imepotea. Zinki ina tabia inayotufaa zaidi: huliwa yenyewe badala ya chuma, hivyo chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyushwa huendelea kukingwa hata kikikwaruzwa. Rangi, hata iwe nzuri namna gani, ikishatoboka huachia maji yapenye chini yake.

Hoja ya kuking'oa kabisa ina uzito zaidi, maana kipandio kinachoning'inia hugonga mawe na kukwama kwenye makorongo. Dereva anayesafiri peke yake na akitoe. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni, au mgonjwa anayepelekwa hospitali, atapandaje? Heri kipandio chembamba, kilichobanwa juu karibu na bodi, chenye matundu ya kudondoshea tope, kilichofungwa kwa boliti kwenye chesisi yenyewe. Na chesisi nayo ichunguzwe: baadhi ya magari yaliyotumika Japani yametoka mikoa ya theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, na kutu hutangulia kufika kabla ya mnunuzi. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ingia uvunguni na tochi. Baada ya kila safari ya tope, osha upande wa chini na ukaze boliti.