Jini Hupotea kwa Mkato

Jini wa filamu zetu hupotea kwa njia moja. Kamera husimamishwa, mwigizaji huondoka alipokuwa, kamera huwashwa tena. Watazamaji wa kibanda umiza kule Mbagala huona kiumbe kimeyeyuka. Ujanja huo ulipata umaarufu kwa Georges Méliès wa Ufaransa, mfanya mazingaombwe aliyegeukia filamu mwishoni mwa karne ya 19. Sisi wahariri wa picha tunauita mkato.

Nautaja kwa sababu naulizwa mara kwa mara: mbona hatuna filamu ya tashtiti kuhusu miujiza, na jiji limejaa maji ya upako na mafuta ya upako? Wengi hujijibu wenyewe kwamba ni woga wa waumini na wa Bodi ya Filamu, ambayo sheria yake ni ya mwaka 1976. Woga upo. Ila naona ufundi wetu nao una lawama. Tumezoea kumaliza kisa kwa mchungaji: mgonjwa yuko sakafuni, mchawi anapiga yowe, jina la Yesu linatajwa, mkato, mgonjwa amesimama. Anayetaka tashtiti inambidi aache kamera iendelee kuzunguka.

Mhispania Luis García Berlanga alifanya hivyo mwaka 1957 katika Los jueves, milagro. Wakubwa wa mji mdogo wenye maji ya tiba yasiyo na wageni tena wanakubaliana kwamba Mtakatifu Dimas atakuwa anatokea kila Alhamisi. Anachaguliwa mzee mmoja, kisa sura yake imefanana na sanamu ya kanisani. Zinatafutwa taa, fataki, muziki. Mtazamaji anaonyeshwa maandalizi yote, kwa hiyo muujiza unapotokea anacheka huku akimwonea huruma mnyonge anayepiga magoti. Wadhibiti wa serikali ya Franco waliivuruga, na nusu ya pili inayumba. Hata hivyo, ile ya kwanza ukiiweka kwenye kibanda cha Temeke haitahitaji msimulizi wa kutafsiri, hata angekuwa bingwa wao Lufufu.

Mwaka 2011 tulipewa mswada uliokwisha kuandikwa. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, alikuwa Samunge, Loliondo, akitoa kikombe cha dawa ya mti kwa Sh500, akisema ameoteshwa na Mungu. Magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Wagonjwa wakatolewa wodini na ndugu zao wakapakiwa. Viongozi wakanywa mbele ya wapiga picha. Haikupita muda, wakajitokeza watoa vikombe wengine, Mbeya na Tabora.

Mwandishi mvivu angemcheka huyo babu wa kikombe. Mimi ningemwacha na sufuria yake, kamera ningeirudisha barabarani: nauli iliyokizidi kikombe mara nyingi, muuza chai anayeomba foleni isisogee, na ndugu wawili wanaobishana kama mgonjwa wao aendelee na vidonge au aviache. Huyo wa vidonge ndiye kiini cha filamu. Ukimfuata bila kukata, unafika mahali ambapo hakuna wa kumcheka.

Mahali hapo tunapafahamu. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Sioni tashtiti ya kugusa usiku ule. Inaweza kugusa saa zilizotangulia: tangazo, spika, geti, mtu wa kuhesabu watu ambaye hakuwekwa kwenye bajeti ya mkutano wa filamu yangu.

Kwa hapa Dar ningeanzia Kawe, kwenye viwanja vya Tanganyika Packers, kiwanda cha nyama cha zamani ambako sasa makutaniko hujaa. Mama ametoa ushuhuda jukwaani kwamba mgongo umepona. Televisheni ingekata hapo, kwenye vigelegele. Mimi ningetoka naye hadi kituoni, nikapanda naye daladala ya Temeke. Amesimama, kashika bomba kwa mkono mmoja na chupa ya maji kwa mwingine. Kijana anampisha kiti. Mama anakitazama kile kiti, anatazama abiria waliotoka naye ibadani, anasema, "Kaa tu mwanangu, mimi nimepona." Kutoka Kawe hadi Temeke ni mbali, na ningeiacha kamera hapo hapo.