Bar si PSI: hesabu ya upepo wa tairi

Ndugu msomaji, wiki hii tusimame kwa fundi pancha, kando ya barabara ya Isaka kwenda Kahama, jirani na Buzwagi. Mgodi wa dhahabu ulioanza uzalishaji hapo mwaka 2009 ulifungwa mwaka 2021, lakini barabara haikufungwa. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita, na Hiace za abiria zinapita.

Tuseme Hiace imesimama kujaza upepo. Kibandiko cha mlangoni kinaagiza matairi ya nyuma yawe 2.8. Geji ya fundi inaanza 10, 20, 30 na kuendelea hadi zaidi ya mia. Namba 2.8 haionekani. Utingo anakata shauri: "Weka ishirini na nane." Fundi anaweka, abiria wanapanda, safari ya Shinyanga inaanza.

Kosa limekwisha kufanyika. Ile 2.8 ya kibandiko ni bar. Geji ya fundi inasoma PSI, yaani pauni kwa inchi moja ya mraba. Bar 1 ni PSI 14.5. Zidisha 2.8 kwa 14.5, utapata karibu 41. Aliyeweka 28 ameacha pungufu ya karibu theluthi. Tairi la namna hiyo hubonyea ubavuni kila linapozunguka, na kubonyea huko huzaa joto. Ongeza mzigo, mwendo na jua la mchana, tairi linaweza kupasuka abiria wakiwa ndani.

Huu upepo tunaousema ndio unaofundishwa shuleni kwa jina la kanieneo: nguvu inayosukuma kila kipande cha eneo. Kipimo chake cha kimataifa ni paskali, kwa heshima ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17. Kwa kuwa paskali moja ni ndogo mno, vibandiko vya magari huandika kilopaskali, kwa kifupi kPa.

Hesabu yake haitaki kikokotoo. Bar 1 ni kPa 100. Kwa hiyo kPa 230 ni bar 2.3, au PSI 33. Tairi la lori la kPa 800 ni bar 8, ambayo ni PSI 116. Geji nyingine husoma kilo kwa sentimita ya mraba. Kilo moja hapo ni PSI 14.2, karibu sawa na bar.

Namba peke yake haitoshi. Daktari akikwambia presha yako ya juu ni 120, anasema milimita za zebaki, na hizo ni PSI 2.3 tu. Lakini 120 kwenye geji ya fundi pancha ni upepo wa tairi la lori. Namba ni ileile; kilichopimwa na kipimo chake ni tofauti kabisa.

Basi, ndugu dereva, kabla ya kutaja namba, soma kibandiko na kipimo kilichoandikwa pembeni yake. Muulize fundi geji yake inasoma nini. Pima matairi yakiwa bado ya baridi, kabla ya safari ndefu. Nawe abiria, usione haya kuuliza.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Hii ya geji kinga yake ni kuzidisha kwa 14.5.