Uso Uliopooza Baada ya Uvimbe Kutolewa: Daktari Yupi, na Lini?

Mwaka 2001 jina la mwigizaji wa Marekani Mark Ruffalo lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kusikika Hollywood alipogunduliwa kuwa na uvimbe nyuma ya sikio la kushoto. Mke wake alikuwa mjamzito, naye Ruffalo akaificha habari hiyo mpaka mtoto akazaliwa. Uvimbe ulitolewa, na haukuwa saratani. Lakini baada ya upasuaji upande wa kushoto wa uso wake ulipooza, akajitoa kwenye filamu ya Signs, na nafasi yake ikachukuliwa na Joaquin Phoenix. Miezi ilipita kabla uso haujarudi. Sikio la kushoto halikusikia tena.

Ni kisa chenye faraja, na wagonjwa wengi husimuliwa visa vya aina hiyo wakiwa bado kitandani: subiri, utarudi tu. Kwa baadhi yao ni kweli. Kwa wengine kungoja huko ndiko kunakowanyima nafasi bora ya tiba, kwa sababu misuli ya uso isiyopata amri kutoka kwenye ubongo haidumu. Anayetafuta daktari wa kurekebisha uso uliopooza anatafuta ujuzi, lakini pia anashindana na muda.

Kila upande wa uso unaongozwa na mshipa mmoja wa fahamu, ambao madaktari huuita neva ya saba. Unatoka kwenye shina la ubongo ukiwa sambamba na neva ya kusikia, unapenya kwenye mfereji mwembamba wa mfupa nyuma ya sikio wenye urefu wa sentimita tatu hivi, kisha unatokeza chini ya sikio na kuingia ndani ya tezi kubwa ya mate iliyo mbele yake. Humo ndimo unamogawanyika kuwa matawi makuu matano: la paji la uso, la macho, la shavu, la kidevu na la shingo. Ukiifuata njia hiyo utaona mara moja hatari ilipo. Uvimbe wa neva ya kusikia huisukuma na kuitandaza neva ya uso mpaka ikawa kama utando, na uvimbe wa tezi ya mate huota katikati ya matawi yake. Uvimbe wa aina hizi mara nyingi si saratani, ila ukiwa saratani iliyokwisha kuishika neva, daktari hulazimika kuikata neva yenyewe ili kuokoa maisha.

Neva ikinyamaza, hasara haiishii kwenye tabasamu. Maji humwagika pembeni ya mdomo, chakula hubaki kwenye shavu, na maneno yenye sauti za b, p na m huwa mazito. Watu wasiojua hudhani mgonjwa amekasirika, au kwamba amepigwa na upepo mbaya. Wengine husema ni kiharusi, ingawa katika kiharusi cha kawaida mtu bado anaweza kukunja paji la uso pande zote mbili, jambo ambalo mwenye neva ya uso iliyokatika hawezi.

Jicho lisilofumba ndilo la kushughulikiwa kabla ya yote. Mgonjwa hulala likiwa wazi, linakauka, na kioo chake cha mbele kinapata vidonda vinavyoweza kuleta upofu. Kwa waliotolewa uvimbe mkubwa karibu na shina la ubongo hatari huzidi, kwa sababu neva inayohisi maumivu ya jicho nayo inaweza kuwa imeumia, na mtu hasikii kwamba jicho linaharibika. Matone na mafuta ya macho, pamoja na kulifunga jicho usiku, huanza siku ileile. Baadaye daktari anaweza kupandikiza kipande kidogo cha dhahabu au platinamu chenye uzito wa takriban gramu moja ndani ya kope ya juu, kikaishusha kope kila misuli inayoinyanyua inapolegea. Ni upasuaji mfupi, na unaweza kuliokoa jicho huku mambo mengine yakisubiri.

Sasa kuhusu muda. Nyuzi za neva hukua kwa kasi ya milimita moja hivi kwa siku. Misuli isiyo na neva hai huanza kusinyaa, na baada ya mwaka mmoja hadi miaka miwili huwa haiwezi tena kuamshwa hata ikiletewa neva mpya. Kwa hiyo swali la kwanza la mgonjwa kwa aliyemtoa uvimbe ni hili: neva ilikatwa au ilibaki nzima? Jibu limo kwenye ripoti ya upasuaji, na mgonjwa anayo haki ya kuiomba nakala. Ikiwa ilikatwa, kusubiri hakuna maana. Mara nyingi inafaa zaidi kuiunga papo hapo, katika upasuaji uleule, kwa kipande cha neva kutoka shingoni au nyuma ya mguu. Ikiwa ilibaki nzima, miezi kadhaa ya kungoja ni halali, lakini iwe ya kungoja huku unapimwa. Wataalamu wengi huanza kupanga hatua nyingine miezi sita ikipita bila msuli hata mmoja kutikisika. Katika faili lake mgonjwa atakuta majina House na Brackmann. Ni kipimo cha madaktari wawili wa Los Angeles kilichochapishwa mwaka 1985, chenye madaraja sita, la kwanza likiwa uso wa kawaida na la sita ukimya kamili.

Tiba zenyewe zina historia ya kustaajabisha. Mwaka 1895 mpasuaji wa London, Charles Ballance, aliiunganisha neva ya uso iliyokufa na neva ya bega. Uso ulitikisika, ila kila ulipotikisika na bega lilinyanyuka. Mwaka 1901 huko Ujerumani Werner Körte akaitumia neva ya ulimi, njia iliyotawala kwa miongo mingi licha ya kusinyaza nusu ya ulimi. Siku hizi huchukuliwa sehemu tu ya neva hiyo. Njia nyingine inayopendwa sasa ni kuazima tawi la neva ya msuli wa kutafuna. Lina nguvu, liko karibu, na mgonjwa hujifunza kutabasamu kwa kuuma meno, mpaka wengine wakaweza bila kuuma.

Miaka ya 1970 wapasuaji wa Ulaya walikuja na wazo la kuivusha neva kutoka upande mzima wa uso, kupitia chini ya ngozi juu ya mdomo, hadi upande uliopooza. Faida yake haipatikani kwa neva ya ulimi wala ya kutafuna: kicheko kinachomtoka mtu bila kukusudia, anapoona mtoto au kusikia kichekesho, huweza kujitokeza pande zote mbili.

Je, misuli ikiwa imeshakufa? Hapo ndipo Kiyonori Harii na wenzake wa Tokyo walipoufungua mlango mwaka 1976. Walichukua msuli mwembamba wa ndani ya paja, ambao mtu hutembea vizuri bila huo, wakaupandikiza shavuni na kuiunga mishipa yake ya damu na neva yake chini ya darubini, kwa nyuzi ambazo jicho tupu halizioni vizuri. Huko Toronto, Ronald Zuker aliitumia kazi hiyo kwa watoto waliozaliwa na nyuso zisizotikisika. Huko Caen, Ufaransa, Daniel Labbé akabuni njia isiyohitaji darubini: kuushusha msuli wa kutafuna ulio upande wa kichwa hadi pembeni ya mdomo. Kwa mzee au mgonjwa asiyeweza kustahimili upasuaji wa saa nyingi, kuna pia njia ya kuuinua mdomo ulioanguka kwa ukanda wa utando kutoka kwenye paja lake. Ukanda huo hauleti mwendo, lakini uso husawazika na udenda hupungua.

Wingi huo wa njia ndio unaomtambulisha daktari wa kumwamini. Anayejua njia moja atampa kila mgonjwa njia hiyohiyo. Anayezijua zote ataanza kwa kuuliza umri, muda uliopita tangu kupooza, kama neva ilikatwa, kama mgonjwa atapata tiba ya mionzi, na mgonjwa mwenyewe anataka nini hasa: kufumba jicho, kula mbele za watu, au kutabasamu. Cheo chake kinaweza kuwa bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, au wa masikio, pua na koo, au wa kinywa, taya na uso. Kuliko jina la idara, la maana ni mara ngapi kwa mwaka anafanya upasuaji huu. Si lazima awe yule aliyetoa uvimbe, na mara nyingi siye. Bingwa wa ubongo aliyeiondoa hatari ya kifo amekwisha kufanya kazi yake kubwa, na hakuna utovu wa adabu kumwomba rufaa.

Mwombe akuonyeshe video za wagonjwa wake, si picha. Uso uliopooza unaweza kupendeza kwenye picha ukiwa umetulia. Kwenye mwendo ndiko ukweli unakojulikana. Muulize walikuwaje baada ya mwaka mmoja, ni wangapi ambao msuli wao haukufanya kazi, nani atalishughulikia jicho, na nani atafanya mazoezi na mgonjwa baadaye. Daktari mzuri hakasirishwi na maswali hayo.

Afrika Mashariki utafutaji huanzia hospitali za rufaa: Muhimbili na Taasisi ya Mifupa, MOI, jijini Dar es Salaam, Kenyatta jijini Nairobi, na kwa Uganda hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, inayojulikana kwa upasuaji wa mifupa na wa kurekebisha maumbile. Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha, kinatahini mabingwa wa fani hiyo, na mabaraza ya madaktari ya kila nchi yana orodha ya waliosajiliwa. Jina likipatikana, ulizia kama hospitali ina darubini ya upasuaji na timu inayoitumia mara kwa mara. Bima nyingi hazilipii urembo, kwa hiyo barua ya rufaa iandike wazi kwamba shida ni jicho lisilofumba, kula na kusema.

Wapo wanaokwenda India, na wenye ndugu Uingereza au Marekani huulizia huko. Kabla ya kukata tiketi, tuma ripoti ya upasuaji, majibu ya maabara ya uvimbe, picha za MRI na video fupi ya uso: ukiwa umetulia, ukiinua nyusi, ukifumba macho, ukitabasamu, ukibana midomo. Mtaalamu anaweza kusema mengi kwa hizo tu. Vyama vya wagonjwa husaidia pia. Chama cha Marekani cha wenye uvimbe wa neva ya kusikia kipo tangu 1981, na Facial Palsy UK ilianzishwa na mpasuaji Charles Nduka wa hospitali ya Queen Victoria, East Grinstead, mji uleule ambako Archibald McIndoe aliwatengeneza upya marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia.

Safari ina kasoro moja inayosahaulika. Msuli uliopandikizwa hauanzi kazi kabla ya miezi kadhaa, na neva iliyovushwa kutoka upande wa pili huchelewa zaidi. Katika muda huo wote mgonjwa anahitaji mtaalamu wa fiziotherapia wa kumfundisha mbele ya kioo, na pengine sindano za botoksi kutuliza misuli inayovutana ovyo, kama jicho linalofumba kila mdomo unapocheka. Mpasuaji wa ng'ambo asiyekuwa na mwenzake wa nyumbani wa kumkabidhi mgonjwa ameacha kazi katikati.

Kwa anayejiandaa kutolewa uvimbe karibu na sikio au kwenye tezi ya mate, swali liulizwe kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa: neva ya uso ikikatwa, nani ataiunga, na siku ileile au lini? Na kwa aliyepooza miaka kumi iliyopita akaambiwa hakuna la kufanya, aombe rufaa tena. Msuli wa paja hautegemei misuli iliyokufa ya uso, na jicho lake linahitaji kuangaliwa hata kama tabasamu amekwisha kulisamehe.